Pakiti za Vitafunwa vya Kijapani: Kipi Kinaingia Mfuko Gani?

SWALI: Nilihamia Kyoto mwezi wa Aprili kwa masomo, ninaishi nyumba ya kupanga na wenzangu wawili. Mara mbili sasa gari la taka limeuacha mfuko wetu wa plastiki ukiwa umebandikwa stika ya Kijapani. Tunapenda sana kuonja vitafunwa vya ladha zisizo za kawaida, kwa hiyo taka zetu nyingi ni pakiti: boksi nje, trei ndani, halafu kila kipande na nailoni yake. Kipi kiende wapi? Na kwa kuwa mimi ni Muislamu, kuna ladha za kuangalia kwa makini?

JIBU: Ndugu msomaji, stika hiyo imeandikwa sababu. Ipige picha, uipitishe kwenye programu ya kutafsiri ya simu, utajua mlipokosea. Kisha urudisheni mfuko ndani siku hiyohiyo, muupange upya na kusubiri siku yake ya wiki inayofuata. Ukibaki pale kituoni, majirani ndio wanaokaa nao, na lawama humfuata mgeni hata pale ambapo si wake. Kwa nyumba inayokula vitafunwa vingi, sababu huwa ni moja kati ya tatu: mfuko au siku si yake, mmetia mfuko ndani ya mfuko, au ndani mna uchafu na vitu visivyohusika.

Tuanze na mifuko yenyewe. Kyoto ilianza kutumia mifuko ya kulipia Oktoba 2006. Wa manjano ni wa taka za kuchoma, na bei yake ni yeni moja kwa kila lita: wa lita 45 ni yeni 45, wa lita 10 ni yeni 10. Ule unaoonyesha kilichomo ndani ni wa vitu vya kuchakatwa, na bei yake ni kama nusu ya ule wa manjano. Jiji limefanya hivyo makusudi, ili anayetenganisha alipe kidogo. Taka za kuchoma huchukuliwa mara mbili kwa wiki. Plastiki ina siku yake moja kwa wiki. Makopo, chupa za vioo na chupa za PET, yaani zile za plastiki za vinywaji, zina siku yao nyingine, na hizo tatu huwekwa pamoja katika mfuko mmoja. Mkitoa plastiki siku ya makopo, itaachwa hata kama mfuko ni sahihi. Mfuko utoke asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya saa mbili. Ukitolewa usiku, kunguru wataupasua kabla hakujapambazuka, kwa hiyo kama kituo chenu kina wavu, hakikisheni umeufunika mfuko mpaka chini.

Msichukue ushauri wa rafiki anayeishi mji mwingine. Japani kila halmashauri hujipangia. Katika mitaa 23 ya Tokyo mfuko wowote unaoonyesha ndani unatosha, bila kununua wa halmashauri. Kamikatsu, mji mdogo wa mkoa wa Tokushima uliotangaza mwaka 2003 kwamba unataka kufuta taka kabisa, una makundi zaidi ya 40 na hauna gari la kupita majumbani. Wakazi hubeba taka zao wenyewe hadi kituoni. Osaki, mkoani Kagoshima, ina makundi zaidi ya 20. Kwa hiyo kitabu mnachokifuata ni cha Kyoto, nanyi mlipaswa kukipata mlipojiandikisha ofisi ya mtaa. Kama hamkupewa, kiombeni. Kipo pia kwa Kiingereza.

Sasa pakiti. Geuza kitafunwa chochote na utazame nyuma, karibu na mistari ya bei. Utaona alama ndogo. Mraba wa mishale wenye maandishi プラ ni plastiki. Mishale iliyozunguka neno 紙 ni karatasi. Pembetatu yenye namba 1 na neno PET ni chupa ya kinywaji au ya mchuzi wa soya. Makopo huandikwa アルミ yakiwa ya alumini na スチール yakiwa ya chuma. Alama za plastiki na karatasi zimekuwa za lazima tangu Aprili 2001, hivyo ni nadra kuzikosa. Kitu chenye sehemu nyingi huwa na maneno mafupi kando ya alama: 外箱 ni boksi la nje, 外袋 ni mfuko wa nje, 個包装 ni kifungashio cha kipande kimojakimoja, トレイ ni trei, フタ ni kifuniko. Biskuti moja inaweza kuandikwa 紙 kwa boksi na プラ kwa trei na nailoni. Jibu la swali lako kubwa limechapishwa pale, ila ni dogo mno hata watu hulipita.

Lisomeni kila mara, hata kwa kitu mlichokizoea. Nestlé Japan ilianza Septemba 2019 kubadilisha mifuko ya nje ya pakiti kubwa za KitKat kutoka plastiki kwenda karatasi. Aliyekariri kwamba mfuko wa KitKat ni plastiki alianza kukosea bila kujua.

Pakiti ya krispi huwachanganya wengi kwa sababu ndani inang'aa fedha. Wanaihesabu kama chuma, au wanaitia kwenye taka za kuchoma kwa kukata tamaa. Hiyo ni plastiki iliyopakwa alumini nyembamba mno ya kuzuia mwanga na hewa ili mafuta ya krispi yasichache. Ina alama ya プラ, nayo ni ya mfuko wa plastiki. Itayarishe hivi: ivute kwa mshono wa nyuma ifunguke iwe bapa, kung'uta makombo kwenye mfuko wa manjano, futa mafuta kwa tishu iliyokwisha tumika, basi. Haihitaji sabuni wala maji ya moto. Usiikunje ukaifunga fundo au kuiviringisha kama sigara, kwa sababu makombo yaliyobanwa ndani hayaonekani, na kiwandani haifunguki.

Vifungashio vya chokoleti, ufute mmoja unatosha. Vile vipakiti vya mchuzi vinavyokuja na tambi hukamuliwa, hukatwa mdomo na kusuuzwa kwa maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo. Kama baada ya hapo bado kinanata au kinanuka, kitie kwenye mfuko wa manjano bila kujilaumu. Hiyo ndiyo kanuni ya jiji: plastiki isiyosafishika huchomwa. Kutumia lita tano za maji ya moto kwa kipakiti kimoja cha mayonezi hakumsaidii mtu yeyote.

Kwa nini usafi huu? Plastiki mnayoitoa hupangwa kwenye mkanda, hubanwa kuwa marobota makubwa na kuhifadhiwa kabla ya kusafirishwa. Chakula kilichobaki huvunda ndani ya robota, huita panya na nzi, na hushusha daraja lake linapokaguliwa. Robota safi huweza kuyeyushwa na kutengenezwa bidhaa kama yale majukwaa ya plastiki ya kupangia mizigo ghalani. Sehemu nyingine hupelekwa kwenye viwanda vya chuma kuchukua nafasi ya sehemu ya makaa. Huko Kawasaki, kiwanda cha Resonac, kilichokuwa kikiitwa Showa Denko, huigeuza kuwa gesi ili kupata hidrojeni na amonia.

Kosa la mfuko ndani ya mfuko nalizungumza peke yake kwa sababu nadhani ndilo lililowakuta. Mtu hukusanya nailoni ndogondogo za peremende kwenye mfuko wa dukani, huufunga vizuri, kisha huutia ndani ya mfuko wa jiji. Anaona amefanya usafi. Lakini kiwandani mashine hupasua mfuko wa nje tu, na wafanyakazi waliosimama kwenye mkanda hutoa kwa mkono kila kisichohusika. Mfuko wa ndani hupita ukiwa umefungwa, na hawajui kama una nailoni au una wembe, kiberiti cha gesi au betri. Vitieni vipande vidogo moja kwa moja kwenye mfuko wa jiji. Mfuko wa dukani nao utieni ukiwa mtupu. Una alama ya プラ.

Betri ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Pawabenki, feni ndogo za mkononi, vifaa vya masikioni na sigara za umeme vina betri za lithiamu. Zikibanwa ndani ya gari la taka au kwenye mashine ya marobota, hutoboka na kuwaka, na moto wa namna hiyo umeteketeza magari na mitambo mingi Japani. Zibeni ncha za chuma kwa utepe wa plastiki wenye gundi, kisha mzipeleke kwenye visanduku vya maduka ya vifaa vya umeme au vituo vya jiji. Tangu Aprili 2023 Kyoto inapokea pia bidhaa za plastiki kama ndoo, vijiko na vibanio vya nguo kwenye mfuko uleule wa vifungashio. Wengi walisikia hilo wakadhani hata mwanasesere wa umeme ni plastiki. Chochote chenye betri au waya si cha mfuko huo.

Tukija kwenye karatasi, alama ya 紙 haimaanishi kwamba kitu hicho kinakubalika kwenye karatasi za kuchakatwa. Inakwambia tu kimetengenezwa kwa nini. Kiwanda cha karatasi huloweka mzigo ndani ya maji mpaka uwe uji. Chenye utando wa plastiki hakiloweki. Kikombe cha Cup Noodle kina alama ya 紙, lakini ndani kimepakwa plastiki na kimenyonya mchuzi: ni cha mfuko wa manjano. Chana pembe ya boksi na uangalie mchaniko. Ukiona nyuzi za karatasi tupu, ni karatasi ya kuchakatwa. Ukiona ngozi nyembamba inavutika au rangi ya fedha, itoe.

Maboksi ya biskuti na chokoleti yanakubalika karibu yote, mkishatoa trei na kile kidirisha cha nailoni. Yabapazeni, myatie kwenye mfuko wa karatasi na kuufunga kwa kamba. Kyoto ilifanya kutenganisha karatasi ndogo za namna hii kuwa wajibu tangu Oktoba 2015, na wageni wengi bado huzitia kwenye taka za kuchoma. Visivyoruhusiwa kabisa ni risiti za dukani, maboksi ya sabuni yenye manukato, boksi la piza lenye mafuta, picha, na karatasi za kuhamishia michoro kwenye nguo. Hizo za mwisho ni mbaya kupita zinavyoonekana: wino wake hugeuka mvuke kwa joto, na kipande kidogo huweza kutia madoa mzigo mzima wa karatasi mpya.

Kopo refu la krispi kama la Pringles limeunganisha karatasi, alumini na kitako cha chuma. Toa kifuniko, kitie kwenye plastiki, kisha tafuta kopo lenyewe kwa jina kwenye orodha ya jiji. Vitu vilivyogandishwa pamoja namna hii mara nyingi huishia kwenye taka za kuchoma.

Chupa za PET: kifuniko na lebo huenda kwenye plastiki, chupa husuuzwa mara moja na kukanyagwa. Ile pete inayobaki shingoni msihangaike nayo. Kiwandani chupa husagwa na vipande hutiwa majini. PET huzama, plastiki ya kifuniko huelea, na pete hutengana yenyewe. Kifuniko hutolewa kwa sababu nyingine: chupa iliyofungwa haibanwi, na huficha kinywaji kilichobaki. Msizitumie kama kisahani cha sigara wala kutia mafuta ya kupikia mkitarajia zichakatwe. Zaidi ya asilimia 80 ya chupa hizi hurudishwa matumizini Japani, na sehemu kubwa ya mafanikio hayo ni kwa sababu mtu ameondoa lebo jikoni kwake.

Mkinunua ramune, kile kinywaji chenye gololi ya kioo shingoni, ambacho huuzwa hata kwa ladha ya wasabi, kile kiungo cha kijani chenye ukali wa kupanda puani, na ya kari, angalieni mdomo wake. Kama ni wa plastiki wenye nyuzi za kuzungusha, fungueni, gololi itoke. Zipo zinazofunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia, kinyume cha mazoea, hivyo msilazimishe kwa koleo. Mdomo uende kwenye plastiki, chupa iende pamoja na makopo. Isipofunguka, iacheni ilivyo. Msivunje chupa kutafuta gololi.

Kuna kitu kimoja ambacho wasomaji hawakiulizi na mimi sikiachi: kile kipakiti kidogo kilichomo kwenye mikate ya mchele, mwani mkavu na biskuti. Vipo vya aina tatu. Chenye punje ngumu zinazong'aa ni silika, hakina shida. Cheusi au chenye unga mzito ni cha kunyonya oksijeni, ndani mna unga wa chuma. Msikiache kwenye chakula kinachoingia maikrowevu. Cha tatu kimeandikwa 生石灰, nacho ni chokaa ambayo haijazimwa. Waliokulia pwani wanajua chokaa ikimwagiwa maji inavyochemka. Kipakiti hiki nacho ni hivyohivyo: kikichanika ndani ya mfuko wenye maganda ya matunda na mabaki ya chai, hupata joto kali, na huweza kutoa moshi na kuunguza. Msikifungue, msikilowanishe, na mtoto asikichezee, kwani chokaa ikiingia jichoni huunguza. Kitieni kwenye kimfuko kikavu, mkizibe, kisha mkiweke juu ya taka za kuchoma siku ya kutoa. Hapa kanuni ya mfuko ndani ya mfuko haiwabani, kwa sababu inahusu vitu vya kuchakatwa.

Sasa ladha. Wingi wake una sababu mbili. Msafiri Japani hutarajiwa kurudi kazini na boksi la vitamu vya alikokwenda, kila kipande kimefungwa peke yake ili kigawike. Kwa hiyo kila mkoa hutaka kitamu chenye zao lake. Pili, maduka madogo ya mtaani yaitwayo konbini hubadilisha rafu mara kwa mara, na kampuni hutoa ladha za msimu zinazokaa wiki chache zikaondoka. KitKat iliingia Japani mwaka 1973, lakini ladha zilianza kumiminika baada ya ile ya stroberi iliyouzwa Hokkaido mwaka 2000. Ya matcha, yaani chai ya kijani ya unga, ikafuata mwaka 2004. Tangu hapo zimepita zaidi ya 300: tikiti la Yubari kutoka Hokkaido, kiazi kitamu cha zambarau cha Okinawa, mchuzi wa soya, wasabi. Ya wasabi haiwashi kama mnavyodhani. Chokoleti nyeupe huimeza ukali, ikabaki harufu puani. Kwa anayeanza, nampa ya kiazi cha zambarau au ya hojicha, ambayo ni chai iliyokaangwa.

Kampuni ya Calbee ilianza mwaka 2017 mradi wa krispi zenye ladha za mikoa yote 47. Umaibo, kile kijiti cha mahindi yaliyofurishwa kilichoanza mwaka 1979, kina ladha ya natto, yaani soya iliyochachushwa, na unga wake huanza kunata mdomoni kama natto yenyewe. Wajapani wengine hawaiwezi, basi msione haya ikiwashinda. Bei yake ilikuwa yeni 10 kwa miaka mingi, ikapanda kuwa 12 Aprili 2022 na 15 Oktoba 2024. Ni njia rahisi kuliko zote ya kuonja ladha kumi kwa jioni moja, ila mtabaki na nailoni kumi za mafuta. Zipasueni zote kabla ya kuzitia mfukoni.

Si kila ladha hufaulu. Barafu ya kijiti ya Garigari-kun ilipotolewa kwa ladha ya supu ya mahindi mwaka 2012, iliisha madukani siku chache tu. Mwaka 2014 kampuni ya Akagi ikajaribu ya tambi za nyanya, ikapata hasara ya yeni milioni 300 hivi. Nailoni ya barafu hii ni plastiki, kijiti ni cha taka za kuchoma. Lakini kisome kwanza: kikiandikwa 1本当り umeshinda barafu nyingine. Kisuuze, ukirudishe dukani.

Kuhusu dini, jina la ladha halitoshi. Krispi za konsome, yaani ladha ya supu nyepesi, ambazo jina lake halitaji nyama, mara nyingi zina nyama ndani ya unga wake. Wasabeef, krispi za wasabi za Yamayoshi zilizopo tangu mwaka 1987, zimejengwa juu ya ladha ya ng'ombe. Fungueni orodha ya viambato, 原材料名, na mtafute maandishi haya: 豚 au ポーク ni nguruwe, ラード ni mafuta yake, ゼラチン ni jelatini, ambayo mara nyingi ni ya nguruwe, 洋酒, 酒, 酒精 na みりん ni vileo. Pipi laini za kutafuna na keki zenye krimu ndizo zinazoficha jelatini zaidi. Chokoleti za majira ya baridi ndizo zenye 洋酒, na mwaka 2016 Nestlé Japan ilitoa hata KitKat ya sake, ile pombe ya mchele. ショートニング, mafuta magumu ya kuokea, na 乳化剤, kiungo cha kuchanganya mafuta na maji, zinaweza kuwa za mmea au za mnyama. Hapo wengine huacha, wengine huuliza kampuni. Kila mtu na mwanazuoni wake.

Njia ya mkato ipo. Mwishoni mwa orodha kuna mabano yanayoanza na 一部に na kuishia na を含む, yanayotaja vitu vinavyodhuru wenye mzio. Mayai, maziwa, ngano na karanga ni lazima viandikwe. Nyama ya nguruwe, ya ng'ombe, ya kuku na jelatini hupendekezwa tu, lakini kampuni kubwa huziandika. Mkiona 豚肉 pale, rudisheni rafuni. Msipoiona, bado msome orodha yote, kwa sababu si lazima iandikwe.

Mnapokula mitaani, rudini na pakiti nyumbani. Vile visanduku vilivyo kando ya mashine za vinywaji ni vya chupa na makopo matupu tu. Anayetia vikombe na nailoni humharibia kazi anayevikusanya. Na msichome taka nje kwa namna yoyote. Kwetu ni jambo la kawaida. Japani kutupa taka ovyo na kuzichoma nje ni makosa yenye adhabu ya hadi miaka mitano jela au faini ya hadi yeni milioni 10.

Nikidhani mnakaanga sambusa na mandazi kama wanafunzi wengi wa kwetu, mafuta yasimwagwe kwenye sinki. Kyoto ilianza kukusanya mafuta yaliyotumika mwaka 1997, ikayageuza kuwa dizeli ya magari yake. Yaacheni yapoe, myachuje, mpeleke kituo cha mtaa siku iliyopangwa. Mkiwa na kidogo tu, yanyonyesheni kwa magazeti, mnyunyizie maji kabla ya kuyatia mfuko wa manjano, kwa sababu karatasi yenye mafuta huweza kupata joto na kuwaka yenyewe wakati wa kiangazi.

Mwisho, zawadi za nyumbani. Krispi na chokoleti zikiwa kwenye vifungashio vyake vya kiwandani hazina tatizo, lakini mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, Tanzania tangu Juni 2019, na Rwanda muda mrefu kabla ya hapo. Msifungie zawadi kwenye mifuko ya dukani. Tumieni maboksi au mifuko ya nguo. KitKat wekeni kwenye begi la mkononi, si lile linaloachwa juani uwanjani, na mtazame 賞味期限, yaani tarehe ambayo kitu ni bora kiliwe kabla yake, kabla ya kununua. Huandikwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku.